Marianne North

Marianne North (24 Oktoba 1830 – 30 Agosti 1890) alikuwa mchoraji, msafiri na mwandishi kutoka Uingereza katika zama za Malkia Viktoria. Anajulikana hasa kwa picha zake za rangi za mafuta zinazoonyesha mimea ikiwa mahali inapoota, na kwa jumba la picha alilolijenga kwa fedha zake mwenyewe ndani ya Bustani za Kew, London. Kati ya miaka 1871 na 1885 alifika Amerika ya Kaskazini na ya Kusini, Asia, Australia na Afrika, mara nyingi bila ndugu wala rafiki wa kusafiri naye. Hakusoma chuo chochote cha sanaa wala cha sayansi. Hata hivyo jenasi moja ya miti ya Shelisheli na spishi kadhaa za mimea zimepewa jina lake.

Familia na ujana

North alizaliwa Hastings, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza. Baba yake, Frederick North, alikuwa mwenye mashamba na mbunge wa Hastings kwa upande wa Waliberali. Mama yake, Janet, alikuwa binti wa Sir John Marjoribanks wa Uskoti, naye alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja alipoolewa na Frederick. Familia ilihamahama kufuata majira: Hastings, mashamba ya Rougham katika wilaya ya Norfolk, na London wakati wa vikao vya bunge.

Kama ilivyokuwa kwa mabinti wengi wa tabaka lake, elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo. Alipelekwa shule kwa muda mfupi huko Norwich, asiipende. Kilichomvutia zaidi kilikuwa muziki. Alijifunza kuimba kwa bidii, na kwa muda alitegemea kwamba uimbaji ndio utakuwa kazi ya maisha yake, lakini sauti yake ikamwangusha. Baada ya hapo akaelekea kwenye uchoraji. Alipata masomo machache ya kuchora maua kwa rangi za maji, mengine kutoka kwa Valentine Bartholomew aliyekuwa mchoraji wa maua wa Malkia Viktoria.

Mwaka 1847 familia nzima ilivuka kwenda bara la Ulaya na kukaa huko karibu miaka mitatu. Walikuwa njiani wakati mapinduzi ya mwaka 1848 yalipozuka katika miji mingi, na msichana huyo wa miaka 17 aliona kwa macho yake jinsi tawala zilivyotikisika. Pengine ndipo alipozoea maisha ya masanduku na nyumba za wageni ambayo baadaye hakuweza kuyaacha.

Miaka pamoja na baba

Mama yake alifariki Januari 1855. Kabla ya kufa alimtaka Marianne aahidi kwamba hatamwacha baba yake. Marianne aliahidi, na alishika ahadi hiyo kwa karibu miaka 15. Aliendesha nyumba ya baba yake, alipokea wageni wake wa kisiasa, na kila kiangazi walisafiri pamoja hadi Uswisi, Hispania, Italia au Ugiriki. Haionekani kwamba aliuona wajibu huo kuwa mzigo. Baba alikuwa rafiki yake mkubwa kuliko mtu yeyote. Ndoa hakuitaka. Aliiona kuwa jambo linalomfanya mwanamke awe kama mtumishi wa cheo cha juu, na hakubadili msimamo huo hadi kufa. Mdogo wake Catherine aliolewa mwaka 1864 na mwandishi John Addington Symonds.

Kwa sababu baba yake alifahamiana na wataalamu wengi, North alizoea kwenda Kew. Siku moja Sir William Hooker, mkurugenzi wa bustani hizo, alimpa shada la maua ya Amherstia, mti wa Burma wenye maua mekundu yanayoning'inia kama taa. Ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kuchanua nchini Uingereza, ndani ya nyumba ya vioo. North alisema baadaye kwamba maua yale yalimtia hamu kubwa zaidi ya kuziona nchi za joto.

Mwaka 1865 baba yake alishindwa katika uchaguzi. Badala ya kukaa nyumbani kusikitika, baba na binti walifunga safari ndefu hadi Syria na Misri, wakapanda mto Naili kwa mashua. Waliporudi, mchoraji Robert Dowling, aliyekulia Tasmania, alikaa kwao Hastings na kumfundisha North kutumia rangi za mafuta. Hilo likawa badiliko kubwa. North aliifananisha rangi ya mafuta na ulevi: ukishaonja huwezi kuacha. Tangu hapo karibu hakushika tena rangi za maji.

Frederick North alirudishwa bungeni mwaka 1868, lakini mwaka uliofuata aliugua wakiwa safarini katika milima ya Alpi. Binti yake alifanikiwa kumfikisha nyumbani, naye akafariki tarehe 29 Oktoba 1869. North alikuwa na miaka 39, hana mume wala mtoto, ana fedha za kumtosha, na mtu aliyekuwa kitovu cha maisha yake hayupo tena. Aliamua kuwa uchoraji utajaza nafasi hiyo.

Amerika, Jamaika na Brazil

Julai 1871 aliondoka kwenda Kanada na Marekani. Huko Washington alialikwa mezani kwa Rais Ulysses S. Grant, na kwa mshangao akagundua kwamba wenyeji wake walimdhania kuwa binti wa Lord North, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati wa vita vya uhuru vya Marekani. Bwana huyo alikuwa amekufa tangu mwaka 1792.

Mkesha wa Krismasi mwaka huohuo alifika Jamaika. Alikodi nyumba katika bustani ya zamani ya mimea iliyokuwa imeachwa ikarudi msitu, kwenye milima juu ya mji wa Kingston. Hapo alijipangia ratiba aliyoifuata katika nchi nyingi baadaye: kutoka alfajiri na kuchora nje hadi adhuhuri, kisha kuchora maua ndani wakati mvua za mchana zinanyesha, na kabla ya jua kutua kupanda mlima kutafuta njia mpya, akirudi gizani.

Mwaka 1872 alikwenda Brazil na kukaa takriban mwaka mmoja. Sehemu kubwa ya muda huo aliishi Morro Velho, katika jimbo la Minas Gerais, kama mgeni wa msimamizi wa mgodi wa dhahabu wa kampuni ya Kiingereza. Alichora zaidi ya picha 100, na alikaribishwa na Kaisari Pedro II, mtu aliyependa sayansi na aliyetazama kazi yake kwa makini.

Ziara hii ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi upande mwingine wa North. Utumwa ulikuwa bado halali Brazil. Haukufutwa hadi mwaka 1888. Mgodi wa Morro Velho ulitegemea mamia ya watumwa, wengi wao wakiwa wamekodishwa kutoka kwa wamiliki wengine, kwa sababu sheria ya Uingereza ilikataza raia wake kununua watumwa popote duniani lakini haikuzuia kuwakodi. North aliyaona hayo kila siku kutoka katika veranda ya wenyeji wake, na katika kumbukumbu zake aliandika kana kwamba hali ya watumwa hao haikuwa mbaya kama watu wa Uingereza walivyodhani. Miaka michache baadaye, mnamo 1879, mwanasiasa Joaquim Nabuco alifichua bungeni Rio de Janeiro kwamba kampuni hiyohiyo ilikuwa ikiwashikilia watumwa waliokodishwa mwaka 1845 ambao kwa mkataba walipaswa kuachiwa huru zamani, na mahakama ikaamua kwamba ni watu huru. Watu hao walikuwa mgodini wakati North akichora maua ya bustani ya msimamizi. Jicho lililoweza kutofautisha rangi ya kila ua halikuona, au halikutaka kuona, jambo hilo.

Namna yake ya kusafiri

North mara nyingi husifiwa kama mwanamke aliyezunguka dunia peke yake. Sifa hiyo ni ya kweli kwa sehemu. Hakuwa na mume, kaka wala msindikizaji, na hakupenda kusafiri na wanawake wenzake waliotaka starehe. Alivumilia mikokoteni, ngalawa, farasi wabaya, ruba na njaa. Lakini alibeba barua za utambulisho zilizomfungulia milango ya magavana, makonsuli, maaskofu na wenye mashamba, na mahali pengi palikuwa na bendera ya Uingereza kabla yeye hajafika. Mizigo yake ilichukuliwa na wapagazi na watumishi, na majina ya wengi wao hayakuandikwa.

Uchoraji wake pia ulikuwa wa namna yake. Wachoraji wa mimea wa wakati ule walitumia rangi za maji kwenye karatasi nyeupe: tawi moja, ua moja, na viungo vyake vimepasuliwa kando ili mtaalamu avihesabu. North alipaka rangi za mafuta kwenye karatasi, kwa kasi, mara nyingi palepale penye mmea, na nyuma ya ua aliweka mlima, mto, kibanda, nyoka, kipepeo au ndege aliyekuja kunyonya utamu. Mtazamaji wa picha zake anajua mmea unafananaje na pia anajua unaishi na nani. Wanabotania wengine waliona hazina undani wa kutosha, na wahakiki wa sanaa waliona rangi zake ni kali mno. Mabishano hayo hayajaisha, ingawa siku hizi kuonyesha mmea katika mazingira yake hakuhitaji tena kutetewa.

Kuzunguka dunia

Baada ya kukaa miezi kadhaa Tenerife mwaka 1875, alianza mwaka huohuo safari iliyomzungusha dunia nzima. Alipita California, ambako alichora misekwoya na kuhuzunika kuona miti yenye umri wa maelfu ya miaka ikikatwa kwa ajili ya mbao. Japani baridi ilimletea homa ya baridi yabisi iliyomlazimisha kukimbilia nchi za joto.

Sarawak, kaskazini mwa kisiwa cha Borneo, alikaribishwa na Charles Brooke, Mwingereza aliyetawala nchi hiyo kwa cheo cha raja, na mkewe Margaret. Huko aliletewa mmea wa jenasi ya Nepenthes, ile ambayo majani yake huning'iniza mitungi ya kunasa wadudu, kutoka vilima vya mawe ya chokaa. Aliuchora jinsi ulivyo, na mitungi yake mikubwa yenye madoa mekundu. Picha ilipofika London, mfanyabiashara wa mimea Harry Veitch aliona kwamba spishi hiyo haijulikani, akamtuma mkusanyaji wake Charles Curtis kwenda kuitafuta. Mwaka 1881 Sir Joseph Hooker, mwana wa Sir William na mrithi wake katika ukurugenzi wa Kew, aliipa jina la Nepenthes northiana. Hadi leo inaota tu katika vilima vya eneo la Bau, Sarawak, na imeorodheshwa kati ya spishi zilizo hatarini, sababu moja ikiwa ni watu wanaoichimba ili kuiuza. Hivyo mchoro uliotambulisha mmea huo kwa sayansi ulikuwa pia tangazo lake la kwanza la biashara.

Kutoka Borneo alikwenda Java, kisha Ceylon (sasa Sri Lanka), ambako mpigapicha mashuhuri Julia Margaret Cameron alimkaribisha nyumbani kwake Kalutara na kumpiga picha kadhaa. Alirudi Uingereza Februari 1877, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameondoka tena kwenda Uhindi.

Alikaa Uhindi zaidi ya mwaka mmoja na kuchora picha zaidi ya 200, kuanzia mahekalu ya kusini hadi theluji za Kanchenjunga zinavyoonekana kutoka Darjeeling. Kule Tanjore alikutana na Arthur Burnell, jaji na mtaalamu wa Kisanskriti, aliyemwelekeza kuhusu mimea ambayo Wahindu huiona kuwa mitakatifu. North alichora mingi kati ya hiyo, wakikusudia kutoa kitabu pamoja, lakini Burnell alifariki mwaka 1882 na kitabu hakikutoka.

Jumba la picha la Kew

Aliporudi Machi 1879, wageni waliotaka kuona kazi yake walikuwa wengi kuliko nafasi ya nyumba yake. Alikodi ukumbi katika mtaa wa Conduit, London, akaonyesha picha zake kwa miezi miwili kwa kiingilio cha shilingi moja. Gazeti la Pall Mall Gazette liliandika kwamba mahali pa picha hizo ni Kew.

Wazo hilo lilimwingia. Agosti mwaka huohuo alikosa treni katika kituo cha Shrewsbury, na kwa kuwa alikuwa na saa kadhaa za kungoja, alikaa akamwandikia Sir Joseph Hooker. Alijitolea kuipa Kew picha zake zote na kujenga jumba la kuziweka kwa gharama yake. Aliomba sharti moja dogo: wageni waliochoka kwa kutembea bustanini wapate chai au kahawa humo ndani. Hooker alikubali jumba lakini alikataa vinywaji, akisema haiwezekani kuwahudumia watu wengi namna ile na kulinda utulivu. North hakubishana. Juu ya milango ya jumba alichora mti wa chai na mti wa kahawa, na picha hizo bado zipo.

Ramani ya jengo ilichorwa na rafiki yake James Fergusson, mwanahistoria wa usanifu. Aliliwekea madirisha ya juu, karibu na dari, ili mwanga ushuke juu ya picha bila kuziunguza kwa jua, kwa kufuata nadharia yake kuhusu jinsi mahekalu ya Wagiriki wa kale yalivyopata mwanga.

Jengo likiwa bado linajengwa, North alimtembelea Charles Darwin. Mzee huyo alimwambia kwamba asidhani ameonyesha mimea ya dunia kabla ya kuiona ile ya Australia, isiyofanana na ya mahali pengine popote. North alilichukua shauri hilo kama amri ya mfalme. Mwaka 1880 alipanda meli pamoja na akina Brooke, akapitia Sarawak kwa mara ya pili, kisha akazunguka Queensland, New South Wales, Victoria, Australia Magharibi na Tasmania, na kumalizia Nyuzilandi ambako baridi ilimtesa. Kiangazi cha 1881 alikwenda nyumbani kwa Darwin kumwonyesha picha hizo, akamletea na mmea wa milima ya Nyuzilandi ambao kwa mbali hudhaniwa kuwa kondoo amelala. Darwin alifariki Aprili 1882, kabla jumba halijafunguliwa.

Karibu mwaka mzima North alikuwa Kew akipanga picha kwa mikono yake. Alizipanga kwa nchi, zikigusana ubavu kwa ubavu kutoka kiunoni hadi karibu na dari bila kuacha ukuta wazi, na chini yake akabandika vipande 246 vya mbao alizokusanya katika nchi mbalimbali. Fremu za milango alizipamba mwenyewe. Anayeingia kwa mara ya kwanza huona kama ameingia ndani ya albamu ya stempu. Inahitaji muda kabla jicho halijajua lianzie wapi.

Jumba lilifunguliwa Juni 1882, likiwa na picha zaidi ya 600. Orodha yake iliandaliwa na mwanabotania W. Botting Hemsley. Katika utangulizi wake Hooker alieleza kwamba mandhari nyingi zilizomo zilikuwa tayari zinatoweka, au zingetoweka karibuni, kwa shoka, moto, jembe na mifugo ya walowezi, na kwamba hakuna atakayeweza kuzichora tena. Maneno hayo yalitoka kwa mkurugenzi wa taasisi iliyosambaza miche ya mpira na kwinini kwa ajili ya mashamba ya walowezi haohao.

Afrika Kusini na Shelisheli

Picha za Afrika hazikuwemo jumbani, jambo lililomkera. Agosti 1882, miezi miwili tu baada ya ufunguzi, aliondoka kwenda Koloni la Rasi. Alisafiri kwa mikokoteni ya farasi na ya ng'ombe kutoka Cape Town kuelekea mashariki hadi Natal, akichora protea, aloe, na maua ya mashina ambayo huchipuka baada ya mvua. Mmea mmoja mkubwa wa huko wenye maua ya rangi ya moto uliitwa baadaye Kniphofia northiae.

Mwaka 1883 alisafiri hadi Shelisheli, katika Bahari ya Hindi, mashariki ya pwani ya Kenya na Tanzania. Kisiwani Praslin alichora coco de mer, mnazi unaozaa mbegu kubwa kuliko mmea mwingine wowote duniani, na ambao vifuu vyake vilikuwa vikisukumwa na mawimbi hadi nchi za mbali muda mrefu kabla watu hawajajua vinatoka wapi. Kisiwani Mahé alivutiwa na mti mrefu wa milimani ambao wenyeji waliuita kapusini, kwa sababu mbegu yake ina umbo la kichwa cha mtawa aliyejifunika kofia. Alichora mti huo na kurudi na sampuli zake. Hooker alithibitisha kwamba haukuwa wa jenasi yoyote iliyojulikana, na mwaka 1884 akaiita jenasi hiyo Northea. Ina spishi moja tu, nayo haiko mahali pengine popote ila Shelisheli.

Mafanikio hayo yalikuja wakati mwili wake unachoka. Uziwi ulikuwa ukiongezeka. Ndui ilipozuka Mahé, wasafiri waliotaka kuondoka walizuiliwa karantini katika kisiwa kidogo, na huko, kwa kazi nyingi na chakula kidogo, akili ya North ilimsumbua. Alisikia sauti, na aliamini kwamba wenzake wanapanga kumwibia na kumdhuru. Alirudi Uingereza mapema mwaka 1884. Sauti hizo zilimfuata nyumbani na hazikumwacha kabisa.

Agosti mwaka huo alipokea barua kutoka kwa Malkia Viktoria. Malkia alisikitika kwamba hakuwa na njia ya kumtunukia hadharani kwa zawadi yake kwa taifa, na badala yake alimpelekea picha yake yenye saini.

Chile, na miaka ya mwisho

Ilibaki miti aliyoona ni aibu kuikosa: Araucaria ya Chile, msonobari wenye matawi kama mikia yenye miba. Novemba 1884, akiwa mgonjwa, alifunga safari yake ya mwisho. Alifika katika misitu ya kusini mwa Chile ambako mbegu za mti huo ni chakula cha asili cha Wapehuenche, katika nchi ambayo jeshi la Chile lilikuwa limemaliza kuitwaa mwaka 1883. Alichora pia puya, mmea wa milimani wenye maua ya kijani na buluu yanayopanda juu kama mnara. Alirudi mwaka 1885, jumba likaongezwa chumba, na picha zote zikapangwa upya na kupewa namba mpya. Idadi yake ilikuwa imepita 800.

Mwaka 1886 alihamia Alderley, kijiji cha Gloucestershire, akatengeneza bustani kwa mimea aliyotumiwa na rafiki zake wa nchi mbalimbali. Alikuwa na hamu ya kupumzika lakini hakuwa na miaka mingi. Alifariki huko tarehe 30 Agosti 1890 kwa ugonjwa wa ini, akiwa na miaka 59.

Maandishi

Wakati wa uhai wake North hakuchapisha kitabu cha safari, ingawa aliacha hati ndefu aliyoiandika kutokana na barua na kumbukumbu zake. Catherine aliipunguza na kuitoa mwaka 1892 katika juzuu mbili, kwa jina la Recollections of a Happy Life, na sehemu ya safari za awali ilifuata mwaka 1893. Ni maandishi yenye haraka na ucheshi, yanayowadhihaki maofisa wa kikoloni na wageni wavivu, na yanayochelewa kwa furaha mbele ya kila mti. Kuhusu watu wa nchi alizopita yana dharau ya kawaida ya tabaka lake na wakati wake, na msomaji wa leo hukutana nayo karibu katika kila sura.

Baada ya kifo chake

Jumba la Kew bado liko wazi kwa wageni, na kwa masharti ya North mpangilio wa picha haubadilishwi. Paa na kuta zilipoanza kuingiza unyevu, lilifungwa kwa matengenezo makubwa mwaka 2008 na kufunguliwa tena mwaka uliofuata, na picha zikasafishwa moja baada ya nyingine.

Picha hizo zimeendelea pia kutumiwa na wanabotania. Moja aliyoichora Matang, Sarawak, mwaka 1876 inaonyesha kichaka chenye matunda ya buluu, na kwa zaidi ya karne moja hakuna aliyeweza kuutaja mmea huo kwa uhakika. Mchoraji mmoja wa mimea wa Kew aliulinganisha na sampuli kavu iliyokusanywa eneo lilelile mwaka 1973, akaona kwamba ni spishi ambayo haikuwa imepewa jina. Mwaka 2021 iliitwa Chassalia northiana.